Kabureta ya Dar, mlima wa Mbeya

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, ana Volkswagen 1300 ya mwaka 1966, ile ya mgongo wa kobe. Aliinunua Dar es Salaam akaipakia kwenye lori hadi Mbeya. Binti yake ana Toyota IST ya cc 1500. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi tupu, wakaja gereji pamoja.

"Fundi, hii yangu ikianza kupanda mlima wa Isyonje inatoa moshi mweusi mpaka naona aibu. Ya huyu mtoto inapita tu. Ni uzee?"

"Hapana, Mwalimu. Ni hewa."

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina habari hizo. Tundu la jeti, kipande kidogo kinachopimia petroli, ni lilelile la Dar, hewa imepungua, petroli haikupungua kwa kadiri hiyo. Nikafungua plagi: masizi makavu, nyeusi kama sufuria ya kuni. Plagi yenye afya hutoka na rangi ya kahawia.

Nikaweka jeti ndogo zaidi kwa namba moja. Mwalimu akasema, "Si uteremshe mbili kabisa, nibane matumizi?" Nikakataa. Petroli ikiwa chache mno injini inachemka, na hii haina rejeta, inapozwa kwa upepo wa feni. Silinda namba 3 ndiyo huungua kwanza, kwa sababu kipozeo cha oili kimekaa kwenye njia ya upepo wake.

IST haina kabureta, inajitibu yenyewe. Ndani ya bomba la hewa kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inasoma hapo imeingia hewa kiasi gani, ndipo inapima petroli. Sensa ya oksijeni kwenye egzosi inasahihisha. Moshi utoke wapi?

Lakini nguvu nayo inapotea, na hapo binti hakunielewa kirahisi. IST ina nguvu za farasi 109. Ukitoa asilimia 15 zinabaki tisini na kitu, kwa gari la kama tani moja. Volkswagen ilianza na 40, zikabaki 34. Wote wamekatwa fungu lilelile, ila maskini ndiye anayelalamika.

Ule waya ukishika vumbi gari linapoteza nguvu, na kwa macho huoni kitu. Zamani, nikiwa mgeni wa injini hizi, niliusugua kwa brashi ukakatika. Sensa nyingine nililipa mimi.

Kwenye kuteremka sina mahaba na ukale. Volkswagen hii ina breki za ngoma magurudumu yote manne. Mteremko mrefu wa kwenda Tukuyu unazipasha moto, ngoma zinatanuka, pedeli inazama. Tena tangi la petroli liko mbele ya magoti yako. Nikamwambia Mwalimu ateremke kwa gia ileile ambayo angepandia, na wajukuu wapande ya mama yao, yenye diski mbele na mifuko ya hewa.

Jeti ya zamani nimeifunga kwenye kipande cha gazeti, iko kwenye dashibodi yake. Akiamua kwenda na gari Dar, airudishe kabla namba 3 haijaungua.