Eti vita inamkomaza mtoto? Hapana bana

Kuna sentensi naisikia sana, "huyo mtoto ameona vita, ana akili ya mtu mzima", na watu wanaisema kama sifa kabisa. Sasa hebu mfikirie msichana wa miaka 11 ambaye wazazi hawapo, anawagawia chakula wadogo zake watatu, anaanza na yule mdogo kabisa, yeye anajipa mwisho, na sufuria ikiwa tupu anasema ameshashiba. Usiku analala na viatu miguuni. Na huyo huyo bado anakojoa kitandani! Huko sio kukomaa, ni kubebeshwa zamu ya mtu mwingine na hakuna wa kuja kumpokea.

Halafu kuna wanaodhani mtoto wa vitani ni yule mwenye bunduki tu. Kanuni za Paris za 2007, yaani mwongozo wa kimataifa kuhusu watoto wanaotumiwa vitani, zinamhesabu yeyote chini ya miaka 18 aliyetumiwa na jeshi au kundi lenye silaha, awe mpishi, mpagazi, mjumbe, jasusi, au binti aliyechukuliwa kwa ajili ya ngono. Mabinti ndio husahaulika zaidi, Sierra Leone vita ilipoisha 2002 wengi walibaki nje ya programu ya kurudisha wapiganaji uraiani, wengine kisa hawakuwa na bunduki ya kukabidhi. Yaani umepika porini miaka na miaka halafu unaambiwa wewe hukuwepo.

"Lakini si alijiunga mwenyewe?" Hii nayo. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha huko Kongo, alipotiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012, kosa halikuwa kuwakamata watoto kwa nguvu peke yake, hata kumwandikisha wa chini ya miaka 15 aliyekuja kwa miguu yake ni uhalifu. Kijiji kimechomwa, tumbo halina kitu, kundi lina ugali, hiyo hiari iko wapi hapo?

Na wale wa "hayo ni mambo ya Afrika" wakamuulizie Calvin Graham, Mmarekani aliyedanganya umri akaingia jeshi la majini mwaka 1942 akiwa na miaka 12. Tuendelee.

Inayoniumiza zaidi ni hii ya kwamba vita ikiisha utoto unarudi. Unarudi wapi? Kijana wa miaka 16 anakalishwa darasani na wa miaka 9, magoti hayaingii chini ya dawati. Baba naye anarudi baada ya miaka minne anataka kuamrisha kama zamani, anamkuta mtoto haombi ruhusa ya kitu chochote kwa sababu miaka yote hiyo hakuwepo wa kumuomba, basi anaitwa jeuri, ana kiburi, vita imemharibu. Hajaharibika. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Sierra Leone kwa miaka mingi waliona wale waliopokelewa vizuri na jamii walikuwa na nafuu kuliko waliotengwa, kwa hiyo hayo majina tunayowapa yana uzito kuliko tunavyodhani.

Na kumpokea zamu kwenyewe hakuendi haraka. Yule msichana wa sufuria, hata akipata shangazi wa kushika upawa, usishangae ukimkuta amesimama pembeni anahesabu sahani.