Kalkulasi na aljebra ya mstari kabla ya takwimu: yanayosemwa na ukweli wake

Wanafunzi wengi wa takwimu hushangaa wakikuta mwaka wa kwanza umejaa kalkulasi na aljebra ya mstari, huku takwimu yenyewe ikiwa haba. Hapo ndipo huanza ushauri wa mabwenini, na mwingi unapotosha.

Unaosikika zaidi ni huu: takwimu ni wastani na chati, kalkulasi ya nini? Chukua namba 2, 3 na 10. Tafuta namba moja, c, iliyo karibu nazo zote kwa kipimo hiki: toa c katika kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha. Ili jumla hiyo iwe ndogo kabisa, tafuta derivetivu yake (kasi ya jumla hiyo kubadilika kadiri c inavyobadilika) na uifanye iwe sifuri. Utabaki na 15 − 3c = 0, yaani c ni 5. Huo ndio wastani. Sasa badilisha kipimo: usizidishe, jumlisha umbali wenyewe tu. Jibu linahamia 3, yaani mediani, namba ya katikati. Kumbe wastani na mediani ni majibu ya maswali mawili tofauti, na ni kalkulasi inayokuonyesha hivyo. Njia ile ya kwanza mwanahisabati Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805, na regresheni ya kawaida, yaani kukadiria kigeu kimoja kutokana na vingine, inaitumia hadi leo.

Wengine wanaamini kinyume chake, kwamba lazima umeze kila mbinu ya integrali (kutafuta eneo chini ya mkunjo) kabla ya kugusa uwezekano. Si kweli. Mkunjo wa kengele, unaotumika kuliko yote, integrali yake haiandikiki kwa fomula za kawaida, hata uwe hodari namna gani. Ndiyo maana vitabu vya takwimu vina majedwali ya Z, yenye maeneo ya mkunjo huo yaliyokwisha kukokotolewa, kurasa za nyuma. Unachohitaji ni kuelewa kwamba eneo chini ya mkunjo ni uwezekano, kujua kubadilisha vigeu, na kuzizoea derivetivu za vigeu vingi.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba aljebra ya mstari ni kuzidisha matriksi (majedwali ya namba) na kutafuta ditaminanti zake tu. Mtu anafaulu mtihani, halafu akifika kwenye varianzi, kipimo cha mtawanyiko wa data, anakariri kwamba tunagawa kwa n − 1 (idadi ya namba kutoa moja) bila kujua sababu. Rudi kwenye namba zetu. Tofauti zake na wastani ni −3, −2 na 5. Lazima zijumlike kuwa sifuri, hivyo ukijua mbili, ya tatu umeshaijua. Kwa lugha ya vekta, tofauti hizo haziko huru katika nafasi ya dimensioni tatu. Zimebanwa kwenye bapa la dimensioni mbili. Kwa hiyo jumla ya vipeo vyake vya pili, 38, inagawanywa kwa 2, na varianzi ni 19. Ukiliona bapa hilo, digrii za uhuru, yaani idadi ya tofauti zilizo huru, hazitakusumbua tena, hata kwenye regresheni yenye vigeu kumi.

“Kompyuta itafanya.” Itakokotoa, ndiyo. Lakini weka kwenye regresheni safu yenye namba 1 tupu, safu ya wanaume na safu ya wanawake, kila mtu akiwa na 1 au 0. Safu mbili za mwisho zikijumlishwa zinaizaa ile ya kwanza, na matriksi inayotakiwa kugeuzwa haigeuziki. Programu ya takwimu ya R itaacha kigezo kimoja na kukuandikia NA, yaani hakuna jibu. Asiyejua utegemezi wa mstari, yaani safu moja kupatikana kwa kujumlisha nyingine, atadhani data yake ni mbovu, aanze kuisafisha upya wakati haina kosa lolote.

Kuhusu mpangilio, hakuna haja ya kumaliza kalkulasi ndipo uguse matriksi. Sehemu kubwa ya aljebra ya mstari haihitaji derivetivu hata moja, kwa hiyo anza zote muhula mmoja. Aliyesoma BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati nyepesi kuliko Advanced Mathematics) sekondari atakuwa na pengo kubwa zaidi upande wa kalkulasi, na alipangie muda wa ziada huko.