Upasuaji wa kurekebisha taya ni nini, na kinywa hujengwaje upya baada ya saratani

Uma meno taratibu. Kwa kawaida meno ya mbele ya juu huyafunika kidogo ya chini, na magego hukaliana. Pale yanapokutana ndipo ilipo maana ya upasuaji wa kurekebisha taya: mfupa hukatwa, husogezwa unapostahili kukaa, kisha hufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Sura hubadilika, ndiyo, lakini kuuita upasuaji wa urembo ni kumwonea mtu ambaye tangu utotoni hajaweza kung'ata chakula kwa meno ya mbele.

Taya huweza kuchomoza, kurudi nyuma au kuelemea upande. Kasoro ikiwa ya meno tu, nyaya za meno hutosha. Ikiwa ni ya mfupa, nyaya hutangulia, mara nyingi kwa mwaka au zaidi, ili kila safu ya meno inyooke juu ya mfupa wake. Kipindi hicho huwavunja wengi moyo, kwani meno huonekana yamepishana kuliko mwanzo. Asiyeelezwa mapema hudhani ameharibiwa. Operesheni yenyewe kwa kawaida hungoja mwili umalize kukua, na daktari hupitia ndani ya mdomo, hivyo ni nadra uso kubaki na kovu kubwa. Jambo la kuulizia kabla ya kukubali ni ganzi ya mdomo wa chini na kidevu: neva ya hisia za sehemu hizo hupita ndani ya mfupa wa taya la chini, na ganzi hiyo kwa baadhi ya watu haiishi kabisa.

Saratani nayo hupindisha taya kwa njia yake. Uvimbe ukitolewa pamoja na kipande cha taya la chini, kisha pengo likaachwa hivyo, misuli huivuta sehemu iliyobaki kuelekea upande uliokatwa. Meno yaliyosalia hayakutani tena, mate humtoka mtu, na kutafuna kunakuwa kazi ngumu. Ndiyo maana pengo huzibwa kwa mfupa mwingine. Mwaka 1989 daktari wa Marekani, David Hidalgo, alichapisha njia ya kutumia fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu chini ya goti. Mgonjwa huweza kutembea bila sehemu kubwa ya mfupa huo, kwa kuwa uzito wa mwili hubebwa zaidi na ule mnene ulio kando yake. Mfupa hukatwa pamoja na mishipa yake ya damu, hugawanywa vipande na kupangwa kufuata umbo la taya, na mishipa huungwa na ile ya shingoni chini ya hadubini. Mfupa huo ukishapona, unaweza kupandikizwa meno bandia.

Ulimi uliokatwa huweza kujaziwa ngozi ya mkono. Tundu kwenye kaakaa, linalofanya maji yatokee puani na sauti iwe ya puani, huzibwa kwa nyama ya mwilini au kwa kibao maalumu cha kuvaa na kuvua kama meno bandia.

Mwenye kungoja mionzi ya kinywa amwone daktari wa meno kabla haijaanza. Mfupa uliopigwa mionzi hupona kwa shida, na jino bovu likija kung'olewa baadaye, kidonda chake chaweza kukataa kufunga na taya likaanza kufa.