Maumivu ya mishipa ya fahamu: dawa ya kupaka itamfaa nani?

Chukua wagonjwa wawili. Mmoja ni bibi aliyeugua mkanda wa jeshi miezi minne iliyopita. Malengelenge yalishakauka, ila khanga ikimgusa ubavuni anaruka kama kapigwa shoti. Wa pili ni mzee mwenye kisukari cha miaka mingi. Nyayo zake zinawaka moto usiku kucha, lakini akikanyaga mwiba shambani hana habari mpaka aone damu. Ukiwauliza, wote watakwambia "naungua". Na wote wataingia duka la dawa, iwe Masasi au Lindi mjini, watoke na tyubu ileile ya dawa ya kuchua.

Tyubu hiyo haitamsaidia hata mmoja. Dawa za kuchua zenye diklofenaki, au zile zenye harufu kali, ni za misuli na viungo. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa unauma kwa sababu nyingine: unapeleka taarifa za maumivu wakati hakuna kinachouchokoza. Dawa za kupaka zinazojulikana kugusa tatizo hilo ni mbili. Lidokeini huziba vijilango vinavyopitisha sodiamu kwenye mshipa, taarifa ikakosa njia. Kapsaisini, yaani ule ukali wa pilipili, hukamata kipokezi cha joto kiitwacho TRPV1, ambacho David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997. Kazi hiyo ilichangia yeye kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kipokezi kikichokozwa sana, miisho ya mshipa kwenye ngozi huchoka na kunyamaza kwa wiki kadhaa.

Angalia zinapofanyia kazi: kwenye ngozi, kwenye miisho ya mshipa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa kabla ya kumwandikia ni hili: je, pale panapouma, miisho hiyo bado ipo hai?

Upimaji wake hauhitaji mashine. Anza na mipaka. Mwambie mgonjwa azungushie eneo kwa ncha ya kidole kimoja. Akiweza kulichora na likawa halizidi ukubwa wa karatasi ya A4, dawa ya kupaka ina nafasi. Akipitisha mkono kuanzia kiunoni hadi kisigino, na maumivu yanashuka kama umeme anapokohoa au kuinama, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye uti wa mgongo, na plasta ya dawa kwenye shavu la mguu haiwezi kukifikia.

Kisha chukua pamba, uisokote ncha. Mgonjwa afumbe macho. Akiwa anatazama atajibu kwa macho, si kwa ngozi. Anzia kwenye ngozi nzima, sogea kuelekea panapouma sentimita moja moja, na pale hisia inapobadilika weka alama kwa kalamu. Zunguka pande zote mpaka upate ramani. Rudia kwa njiti ya kuchokolea meno, mpya kwa kila mgonjwa, ukigusa bila kutoboa, halafu kwa kijiko cha chuma kilicholowekwa kwenye maji baridi. Kila mara linganisha na upande wa pili wa mwili.

Kosa linalofanyika sana huku kwetu ni kupima kwenye kisigino cha mkulima. Ngozi yake ni nene, haipokei pamba hata kama mshipa ni mzima, na mgonjwa anaandikwa ana ganzi ambayo hana. Pima juu ya mguu na katikati ya vidole pia.

Ngozi ya yule bibi itapokea njiti na baridi, tena kupita kiasi, na pamba itamuuma. Miisho ipo na ina hasira. Huyo ndiye mwenye matumaini makubwa. Kwa plasta ya kapsaisini, wenye maumivu ya muda mfupi, hasa yasiyozidi miezi sita, huelekea kupata nafuu zaidi kuliko wa miaka mingi. Yule mzee, ambaye ramani yake ni ganzi tupu, nafasi yake ni ndogo. Hiyo si hukumu: wapo wenye ganzi waliopata nafuu. Lakini yeye asicheleweshwe kujadili na daktari vidonge kama amitriptilini au gabapentini, na akague nyayo zake kila jioni.

Umri nao una uzito. Plasta ya lidokeini ya asilimia 5 hupitisha kwenye damu takriban asilimia 3 tu ya dawa yake, hivyo mzee mwenye dawa nyingine nyingi hasinzii wala hapati kizunguzungu kama cha vidonge. Hubandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na jeraha, zisizidi tatu kwa wakati mmoja, saa 12 ndani ya saa 24, kisha ngozi ipumzike saa 12. Ukihitaji kuipunguza, ikate kwa mkasi kabla ya kubandua karatasi yake ya nyuma. Kwa jasho la Mtwara, oga, jikaushe vizuri, subiri mwili upoe ndipo ubandike, la sivyo itang'oka.

Krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075 inataka moyo. Kiasi cha punje ya mbaazi, mara tatu hadi nne kwa siku, kwa glavu. Siku za mwanzo inachoma, na hapo ndipo wengi wanaiacha, au wanapaka mara moja moja. Kupaka kwa kurukaruka ni kubaya kuliko kutopaka: unaupata ukali wote bila miisho kuchoka. Usioge maji ya moto kabla wala baada, usifunge eneo kwa nailoni, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Plasta kali ya asilimia 8 ni ya kituoni tu, kwa mtaalamu: dakika 30 kwenye nyayo, 60 kwingineko, presha ikiangaliwa, na hairudiwi kabla ya siku 90. Pilipili kichaa iliyopondwa kwenye mafuta ya nazi haina kipimo. Inaunguza ngozi, basi.

Hali nyingine hazingojei dawa ya kupaka. Malengelenge mabichi ya mkanda wa jeshi yanataka dawa ya virusi, ikiwezekana ndani ya saa 72. Ngozi iliyobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho haibandikwi kitu. Anayetumia dawa za kifua kikuu akaanza kuwaka nyayo arudi kliniki, huenda anahitaji vitamini B6. Na ukoma bado upo katika mikoa hii ya Lindi na Mtwara: baka lisilohisi, mshipa wa kiwiko uliovimba na kuuma, mkono au mguu unaoanza kulegea, hayo ni ya kwenda kituoni siku hiyohiyo. Mshipa ule unaokolewa kwa vidonge vya prednisoloni, na ukichelewa kiganja kinabaki kimekunjika maisha. Dawa za ukoma ni bure.

Kwa anayeanza plasta au krimu, ramani haimalizi kazi. Majaribio ndiyo yanayoamua. Kila jioni andika namba ya ukali wa maumivu, 0 hadi 10. Kushuka kutoka 8 hadi 5 ni nafuu ya kweli. Kutoka 8 hadi 7 bado. Plasta ya lidokeini ipimwe baada ya wiki mbili hadi nne, na kama namba haijashuka iachwe, pesa isiendelee kupotea. Karatasi hiyo ya namba njoo nayo kliniki, pamoja na tyubu au pakiti yenyewe, hata kama imekwisha.