Muhuri wa mwenyekiti si shamba

Wiki iliyopita nimepigiwa tena simu ile ile. Sauti nyingine, maneno yale yale: "Mtaalamu, nimenunua ekari 10 Makete. Karatasi ninayo, ina muhuri wa mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wanne. Nataka tu uje uweke bikoni za mipaka nipate hati."

Hilo "tu" ndilo lililonikalisha kuandika. Nimepima mashamba ya mkoa wa Njombe, yaani Njombe, Ludewa na Makete, miaka mingi, na karatasi hizo naweza kuzisoma kabla mwenyewe hajazikunjua. Fulani amemuuzia fulani shamba lenye ukubwa wa ekari kadhaa, kaskazini linapakana na mto, mashariki na shamba la marehemu fulani, magharibi kuna mti mkubwa wa mlingoti. Chini kuna sahihi, dole gumba na muhuri wa duara. Halafu watu wanaifunga kwenye nailoni na kuiweka kabatini Dar es Salaam wakiamini wameweka shamba.

Twende kwenye muhuri kwanza. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini. Mlima unaouona Makete, ukiondoa mji na maeneo yaliyohifadhiwa, kwa sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, na inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Msimamizi aliyetajwa humo ni Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri hiyo ni wajumbe 15 hadi 25 waliokaa kikao, wakajadili, wakaandika. Mwenyekiti ni mmoja wao. Muhuri wake unathibitisha kwamba aliwaona mkiandikishana, basi. Mwanakijiji akimuuzia mtu asiyeishi pale, idhini ya Halmashauri lazima iwepo, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili. Ile asilimia 10 ya bei uliyoambiwa uache ofisini haichukui nafasi ya idhini hata ukipewa risiti.

Kwa hiyo mtu akinipigia simu, swali langu ni moja: muhtasari wa kikao uko wapi? Simaanishi barua wala karatasi ya mauziano. Nataka muhtasari, wenye tarehe, ajenda, orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, unaotaja jina lako na shamba lenyewe. Kama ulipewa ardhi na kijiji badala ya kuuziwa na mtu, basi na Mkutano Mkuu wa Kijiji uwe umepitisha, tena kijiji peke yake hakiruhusiwi kuvuka hekta 20, yaani kama ekari 50. Ukiona mtu anakuuzia ekari 200 kwa sahihi ya mtendaji wa kijiji, rudi kwenye gari. Na kwa asiye raia, ardhi hapati isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake, sitakaa hapo.

Sasa ekari. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo ninapobishana na watu mpaka sauti inakauka.

Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Ukiikata mraba, kila upande unapata mita 63 na kitu. Vijijini tunapima hatua 70 kwa 70, na hilo, kwenye tambarare, halina kosa kubwa: hatua ya mtu mzima anayetembea kwa kujikaza ni kama sentimita 90, mara 70 unafika mita 63. Wazee waliotuachia kipimo hicho walijua walichokuwa wanafanya. Ila Makete si tambarare. Makete ni milima ya Wakinga, shamba limeegemea kama ngazi, na viazi ukiving'oa juu vinabiringika hadi bondeni.

Siku moja niliweka tepu kwenye mteremko wa nyuzi 30 nikamwomba kijana aliyekuwa amelipima shamba lile apande tena hatua zake 70, mwendo ule ule. Alipofika juu, akihema, tepu ilisoma mita 49. Hatua ya kupanda ni fupi, hata uwe na nia njema kiasi gani. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ndiyo watu hawaikubali: ramani haipimi mgongo wa mlima, inapima mlalo. Mita 49 za mteremko wa nyuzi 30 kwenye ramani zinakuwa mita 42 na kidogo. Zidisha na upande wa pili, ule unaokwenda sawasawa na kilima, mita 63: unapata mita za mraba 2,700 hivi. Ni theluthi mbili za ekari. Umelipia ekari 10, hati itakuja na ekari 6 na nusu na kitu, na hakuna mtu aliyekuibia hata hatua moja.

Dada mmoja muuguzi alilia mbele yangu kwa hesabu hiyo. Alidhani nimehongwa na jirani. Nilirudia kupima mbele yake, nikamshikisha tepu mwenyewe, nikamwonyesha jinsi ya kuishika ilale kama maji kwenye beseni badala ya kuilaza juu ya majani. Namba ikaja ile ile. Aliyemuuzia alikuwa mzee mwaminifu kabisa, naye alishangaa kuliko sisi. Tangu siku hiyo nikiona "ekari" kwenye karatasi ya huku, naisoma kama "kipande cha kilima". Kubalianeni bei ya kipande mlichokizunguka kwa miguu. Ukitaka kulipa kwa ekari, mpima aje kabla ya fedha. Programu ya simu itakusaidia kukisia, lakini chini ya paini zilizoshikana inarukaruka, na kwenye kipande kidogo mruko wa mita chache ni eneo kubwa.

Nami nina yangu yasiyonipa amani. Karatasi zinasema "kaskazini mto". Mto wa wapi? Ukingo au katikati ya maji? Bibi mmoja alinishika mkono akanipeleka kwenye kichaka cha mianzi ya ulanzi, pombe ya huku, akasema, "Mwanangu, mto ulikuwa unapita hapa nilipoolewa." Sasa hivi unapita hatua 20 mbele. Nimewahi kuchora ukingo, nimewahi kuchora katikati, kila mara kwa makubaliano ya majirani waliokuwepo siku ile, na sioni kuwa nilikuwa sahihi zaidi huku kuliko kule. Kisha kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu za binadamu. Kwenye bonde jembamba, 60 za upande huu na 60 za upande ule zinameza kipande chote kizuri, na kipande hicho ndicho watu wanacholima vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi. Mboga, mahindi mabichi na viazi vya kiangazi, chakula cha miezi migumu, vinatoka humo tangu enzi za babu zao. Nauchora mstari kwa sababu natakiwa kuuchora. Ila wewe unayetoka mjini ukivutiwa na bonde lenye kijito, jua unanunua sehemu usiyoruhusiwa kujenga, na pengine unamnyang'anya mtu kinyungu chake.

Miti nitaipitia haraka. "Nauza shamba la miti" mara nyingi maana yake anauza paini zilizosimama. Ardhi inabaki yake, ukivuna unaondoka. Andikeni mnauziana nini. Usiweke mti kuwa mpaka, kwa sababu mti huku ni zao na utakatwa. Na parachichi: Njombe nzima inaimba parachichi, ila ukipanda kuelekea Kitulo, kwenye mita 2,600, alfajiri ya Juni na Julai umande unaganda juu ya majani ukawa mweupe. Mche wa parachichi hauwezi hapo, hata dalali akuapie.

Lililo zito zaidi kwangu ni kuhusu watu. Wakinga ni wafanyabiashara. Nusu ya ukoo iko Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, na shamba unaloonyeshwa na kaka mmoja lina kaka watatu wasiokuwepo. Pia Makete ilipigwa na UKIMWI kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Utafiti wa 2011/12 uliukuta mkoa wa Njombe ukiwa na maambukizi ya asilimia 14.8, juu ya mikoa yote. Miaka ile mayatima walilelewa na bibi zao, na mashamba ya baba zao yakabaki mikononi mwa wajomba na baba wadogo. Watoto wale sasa ni watu wazima. Nimesimama shambani na mashine yangu ya kupimia, kijana wa miaka 20 na kitu akaja akasimama mbele yake, hakutukana wala hakupaza sauti, akasema tu, "Baba amezikwa pale," akaonyesha. Kaburi lilikuwa ndani ya bikoni zangu. Mnunuzi alikuwa na karatasi, muhuri na mashahidi wanne. Nilizing'oa bikoni siku ile ile.

Kwa hiyo ukitaka kununua huku, uliza yanayoulizika. Marehemu akitajwa popote, omba barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Muuzaji akiwa ana ndoa, mwenza wake awepo, asaini mwenyewe. Zunguka mipaka na majirani wote, si na dalali. Ingia ofisi ya kijiji uombe kuona ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, kwa sababu kipande chako kinaweza kuwa kimetengwa kwa malisho au chanzo cha maji. Na njoo Machi. Wote mnakuja Julai, barabara kavu, anga safi, mnapiga picha, mnalipa. Machi mvua iko kileleni, ukungu umekaa, njia ya kitongojini ni utelezi. Utajua kama lori la mbao au la viazi litafika shambani kwako, na utaona maji yanapita wapi. Lala huku siku mbili. Mtu akikukaribisha ulanzi, kaa naye. Mambo ya mpaka huzungumzwa jioni kuliko ofisini.

Huyu wa wiki iliyopita nilimwambia aende kijijini akaombe muhtasari. Alinuna, akakata simu. Ijumaa amenipigia akiwa ofisi ya mtendaji: wamepekua faili, kikao kilichojadili shamba lake hakipo. Mtendaji, mtu muungwana, ameliingiza shauri kwenye ajenda ya kikao cha mwezi ujao, na ametaka familia nzima ya muuzaji ije. Mashine yangu iko kwenye boksi mpaka hapo.