Saa kwanza, kisha ramani, ndipo ardhi: kuongoza ndege kwa macho kutoka Iringa hadi Songwe

Kosa linalowapoteza marubani wanafunzi wengi ni hili: mtu anaona kitu chini, kisha anakitafuta kwenye ramani. Ameona mto, anaupata mto kwenye ramani, anaridhika. Nyanda za Juu Kusini zina mito mingi, na jicho lenye wasiwasi halikosi mto unaofanana na ule linaotaka kuuona. Utaratibu salama unaanzia upande wa pili. Saa inakwambia unapaswa kuwa umefika wapi, ramani inakwambia mahali hapo pana nini, ndipo unainua macho na kukitafuta kitu hicho nje. Usipokiona, umejua mapema kwamba kuna jambo haliko sawa, ukiwa bado na mafuta na nafasi ya kurekebisha.

Tutumie safari moja ya mfano, kutoka uwanja wa Nduli, Iringa, hadi Songwe, Mbeya. Ukiweka rula moja kwa moja kati ya viwanja hivi unapata maili 165 za baharini, takriban kilomita 306, kuelekea nyuzi 243 kwa kaskazini ya kweli. Mstari huo unapita juu ya bonde la Usangu, mbali na barabara kuu, kisha mwishoni unavuka safu ya milima ya Mbeya karibu kabisa na kilele chake chenye zaidi ya futi 9,200. Uwanja wa Songwe wenyewe uko karibu futi 4,400, umejificha nyuma ya safu hiyo. Mwanafunzi aliyeruka saa nzima na nusu juu ya tambarare isiyo na alama za kuaminika asiishie kwenye ukuta wa mlima.

Vunja safari vipande viwili kwenye mji wa Makambako. Iringa hadi Makambako ni kama maili 89, mwelekeo nyuzi 218. Makambako hadi Songwe ni kama maili 92, mwelekeo nyuzi 268. Umeongeza maili 16 au 17, sawa na dakika kumi hivi kwa ndege ndogo, na kwa dakika hizo kumi umenunua barabara kuu, reli, miji na sehemu za kugeuzia njia nzima. Kwa mwanafunzi hiyo ni bei nafuu.

Makambako ni alama ya mfano kwa sababu mambo matatu yanakutana hapo. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita, barabara ya Njombe na Songea inachepuka kwenda kusini, na reli ya TAZARA inaingia baada ya kupanda kutoka Mlimba. Alama nzuri ina ushahidi zaidi ya mmoja. Mji peke yake unaweza kuwa mji wowote, lakini mji wenye njia panda kubwa na reli kabla ya kufika Mbeya ni Makambako tu. Kitu kilichopo kimoja eneo zima kina thamani kuliko kikubwa kinachojirudia, na kuanzia hapo hadi Mbeya reli ni hiyo hiyo moja. Ukiwa juu yake, umesharahisisha nusu ya swali la mahali ulipo.

Kwa kipande cha kwanza, Mafinga iko karibu nusu ya njia, upande wa kushoto wa mstari. Itambue kwa mashamba ya miti ya Sao Hill: vipande vikubwa vya kijani kizito vyenye kingo zilizonyooka, tofauti kabisa na msitu wa asili. Kusini mashariki zaidi ni chai ya Mufindi, kijani kilichopauka na laini kama zulia. Kwa kipande cha pili, alama bora ni barabara ya Chimala inayopanda ukuta wa mlima kwenda Matamba na Kitulo, ile inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Mchana usio na ukungu zigizaga yake inaonekana wazi upande wako wa kushoto, na iko karibu nusu ya njia ya kwenda Songwe.

Alama za kuepuka ni maji ya Usangu. Ardhioevu ile hutanuka masika na kunywea kiangazi, kwa hiyo ukingo wa bluu uliochorwa kwenye ramani hauwezi kulingana na unachokiona Oktoba. Mito midogo hukauka. Mashamba ya mpunga nayo hubadilika rangi kwa msimu, ingawa umbo la miraba yake hubaki. Njia za vumbi zisitumike kabisa, maana mpya huzaliwa kila mwaka.

Sasa hesabu. Tuseme ndege inasoma kasi ya noti 90 kwenye kipimo, nawe uko futi 8,500. Hewa huko juu ni nyepesi, na kipimo kinasoma pungufu ya kasi halisi kwa takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Kasi ya kweli hewani ni kama noti 105, yaani maili 105 za baharini kwa saa. Mwanafunzi anayepanga kwa 90 atajikuta anafika kila alama mapema, aanze kuitilia shaka ramani ambayo haina kosa.

Upepo tuuchukue wa kusi, kutoka nyuzi 130 kwa noti 15. Upeo wa kusukumwa, yaani nyuzi nyingi zaidi ambazo upepo huo unaweza kukutoa kwenye mstari, unapatikana hivi: kasi ya upepo mara 60, gawa kwa kasi ya ndege. 15 mara 60 ni 900, gawa kwa 105, unapata kama nyuzi 8 na nusu. Sehemu gani ya hizo utumie? Tazama pembe kati ya upepo na njia yako kama dakika za saa ya ukutani: pembe ya nyuzi 15 ni robo, 30 ni nusu, 45 ni robo tatu, 60 na kuendelea ni nzima. Kwenda Makambako upepo unakupiga karibu mraba kutoka kushoto, kwa hiyo tumia karibu zote, nyuzi 8. Pua iwe 210, kasi juu ya ardhi kama noti 103, muda dakika 52. Makambako hadi Songwe upepo unatoka nyuma kushoto kwa pembe ya nyuzi 42, marekebisho ni kama 5 au 6, pua 263, na kasi inapanda hadi noti 115. Muda ni dakika 48.

Kisha ongeza tofauti kati ya kaskazini ya kweli na kaskazini ya sumaku, ile inayoonyeshwa na dira. Soma ile iliyochapwa kwenye ramani yako ya sasa. Tukichukua nyuzi 2 magharibi kwa mfano, unajumlisha: 212 na 265. Malizia kwa kadi ya makosa ya dira iliyobandikwa kwenye ndege yenyewe. Urefu wa futi 8,500 haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndege inayoruka kwa macho kwenye mwelekeo wa sumaku wa 180 hadi 359 hutumia maelfu ya shufwa na 500 juu yake, na inayokwenda 000 hadi 179 hutumia ya witiri na 500.

Jambo la saa tunalitilia mkazo kwa sababu sisi Waswahili tunaishi na saa mbili, na anga inatuongezea ya tatu. Saa tatu asubuhi ya mazungumzo ni 09:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na ni 06:00 kwenye mpango wa safari ya ndege unaotumia saa ya dunia. Andika karatasi yote kwa saa moja tu, na saa ya mkononi uiwekee hiyo hiyo.

Ukishaondoka Nduli, usianze kuhesabu muda ukiwa bado unapanda na kuzunguka. Rudi juu ya uwanja au alama uliyochagua, shika mwelekeo, shika urefu, andika dakika. Geuza ramani ili mstari wako uelekee pua ya ndege, hata kama maandishi yatakuwa kichwa chini. Kilicho kushoto kwenye ramani kiwe kushoto nje. Kwenye ramani ya 1:500,000 sentimita moja ni kilomita 5, na kwa ile ya 1:1,000,000 ni kilomita 10. Wapo waliobadilisha ramani katikati ya mafunzo wakasahau kubadilisha rula.

Mafinga unaitegemea dakika ya 27. Tuseme unaiona kwa wakati, lakini umekaa maili 4 kulia kwa mstari wako kwa sababu kusi imezidi utabiri. Hapa ndipo kanuni ya moja kwa sitini inapofanya kazi: maili moja ya kupotoka baada ya maili 60 ni nyuzi moja. Umeruka maili 46, umepotoka 4, kosa lako ni 4 mara 60 gawa kwa 46, kama nyuzi 5. Ukigeuza pua nyuzi 5 kushoto utakwenda sambamba na mstari, ila hutaurudia. Ili ufike Makambako ongeza pembe ya kufunga: zimebaki maili 43, 4 mara 60 gawa kwa 43 ni karibu 6. Jumla nyuzi 11 kushoto. Geuka mara moja, andika, kisha uache. Anayerekebisha kwa nyuzi mbilimbili kila dakika hatajua tena ameruka mwelekeo gani.

Kama ulifika Mafinga dakika ya 30 badala ya 27, kasi yako ya kweli juu ya ardhi ni noti 92. Sogeza muda wa Makambako papo hapo, na utazame mafuta. Ndege inayotumia lita 33 kwa saa inahitaji kama lita 55 kwa dakika 100 za mpango wetu, bila kupanda wala kusubiri. Akiba ya chini kwa safari ya mchana kwa macho ni dakika 30. Kwa mwanafunzi katika milima hii, saa nzima ndiyo akiba.

Kila dakika 10 hadi 15 linganisha dira ya jairo, ile inayoendeshwa na gurudumu linalozunguka kwa kasi, na dira ya sumaku, mabawa yakiwa sawa na kasi imetulia. Jairo huteleza taratibu, na nyuzi 10 zilizoteleza bila kuonekana ni maili 10 kwa kila 60. Kuhusu dira ya sumaku, jihadhari na vitabu vilivyoandikwa Marekani na Ulaya. Kanuni zao za kugeuka ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Mbeya iko nyuzi 9 kusini ya Ikweta, na hata mstari wa sumaku usio na mwinamo, pale ambapo sindano ya dira hailali upande wowote, uko kaskazini yetu. Hapa ukigeukia kaskazini dira inatangulia, kwa hiyo pitiliza kidogo kabla ya kunyoosha. Ukigeukia kusini inachelewa, nyoosha mapema. Ukielekea mashariki au magharibi na ukaongeza kasi, inaonyesha kana kwamba unageukia kusini.

Hali ya hewa ndiyo inayoamua kama safari ipo au haipo. Kiangazi cha baridi, kusi huleta mawingu ya chini na manyunyu kwenye ukingo wa Mufindi wakati Iringa jua linawaka. Agosti hadi Oktoba moshi wa kuchoma mashamba na nyika hufifisha alama zote za mbali. Masika mawingu hurundikana milimani kuanzia adhuhuri, hivyo ondoka asubuhi. Sheria inaruhusu kuruka chini ya futi 10,000 ukiwa unaona kilomita 5. Hiyo ni chini ya dakika mbili za mbele, na kati ya milima haitoshi kwa anayejifunza.

Fikiria kipande cha pili. Kushoto ni ukuta wa Kitulo na Poroto, na unapokaribia Uyole safu ya Mbeya inainuka kulia, juu kuliko wewe. Ukitaka kupita futi 2,000 juu ya kilele hicho unahitaji zaidi ya futi 11,000, mahali ambapo ndege ndogo inahema na rubani naye anaanza kukosa oksijeni. Kwa hiyo mlango huo kati ya safu hizo mbili unapitwa ukiwa unauona wote, au haupitwi. Amua ukiwa Chimala au Igurusi, ambako upande wa kulia kuna tambarare ya Usangu ya kugeuzia. Ukishaingia kati ya milima chini ya mawingu, nafasi ya kugeuka imekwisha.

Ukipotea, usianze kuzungukazunguka. Shika mwelekeo mmoja, panda kama mawingu yanaruhusu ili uone mbali na redio ifike, andika dakika, kisha sema. Waongozaji ndege wanapenda kusikia "sina uhakika nilipo" mapema, mafuta yakiwa ya saa mbili. Kama masafa ya kawaida hayajibu, tumia 121.5, na kwa dharura weka transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kwenye namba 7700. Wakati huo tumia mstari mrefu wa kukukamata: kwenye safari hii, ukiwa umesukumwa kaskazini kati ya Makambako na Mbeya, elekea kusini hadi uikute reli au barabara kuu, kisha ifuate. GPS itumie kuthibitisha, ila karatasi iendelee kuandikwa, maana betri ikizima utahitaji kujua ulikuwa wapi dakika tano zilizopita.

Kushuka Songwe kuna hesabu yake. Kutoka futi 8,500 hadi urefu wa kuzungukia uwanja kabla ya kutua, karibu futi 5,400, ni futi 3,100. Kwa futi 500 kila dakika ni dakika 6, kama maili 11 au 12. Umbali huo unaangukia kwenye uwanja wa zamani wa ndege ulio ndani ya jiji la Mbeya. Usishuke kabla ya jiji, kwa kuwa ardhi hapo iko karibu futi 5,600 na ndiyo kwanza inaanza kuteremka kuelekea Mbalizi.

Baada ya kuzima injini, kabla ya kwenda kutafuta mafuta, linganisha dakika ulizopanga na ulizopata, uukadirie upepo wa kweli. Kurudi utatumia 9,500, kwa kuwa mwelekeo sasa ni wa mashariki na 7,500 inakuacha chini mno juu ya jiji. Ile kusi iliyokusukuma kuja itakuwa usoni: Songwe hadi Makambako ni karibu saa nzima, badala ya dakika 48.