Bima ya pengo si bima kubwa, wala si bima ya mkopo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana anayefundisha upande wa Uyole aliingia ofisini kwangu hapa Kabwe, Mbeya, kadi ya gari mkononi. Baada ya shikamoo akasema, "Mama, gari ni la mkopo lakini sina wasiwasi, nimekata bima kubwa. Likifa leo, benki wanalipwa na tunamalizana." Bima kubwa ni ile inayofidia hata gari lako mwenyewe likiharibika au likiibwa, si la mwingine tu. Maneno hayo nimeyasikia kwa madereva, kwa wauguzi, na mwezi uliopita kwa muuza magari ambaye alipaswa kujua. Kila mara nayasahihisha kwa mdomo. Leo nimeona niyaandike: bima kubwa inafidia gari, hailipi mkopo, na inayoziba deni linalobaki ni nyingine, bima ya pengo.

Bima ya pengo hulipa tofauti kati ya deni lililobaki benki na fidia inayotoka kwenye bima kubwa, pale gari la mkopo linapoibwa lisipatikane, au linapoharibika kiasi cha kutotengenezeka. Maana yake ni hiyo tu. Kinachowapoteza watu ni neno fidia.

Fidia tumeipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni malipo ya kukomboa, kama mateka anavyokombolewa. Anayekufidia anakurudishia kilichopotea kwa thamani yake siku kilipopotea. Bei uliyonunulia haimhusu, na ulikopata hela ya kununulia hakumhusu kabisa. Mthamini akija kuliangalia gari lililobinuka Mlima Nyoka, anauliza mwaka wa kutengenezwa, anasoma kilomita, anazunguka bodi, anafungua boneti, kisha anaulizia magari ya aina hiyo yanauzwaje sokoni. Kwenye karatasi yake hakuna mstari wa kuandika salio la mkopo. Hata ile thamani iliyoandikwa kwenye bima yako wakati unakata ni kikomo cha juu tu, haina maana kwamba ndicho utakacholipwa. Ukiandika milioni 28 na soko siku ya ajali linasema milioni 17, utafidiwa kwa milioni 17.

Pengo, kwa upande wake, ni neno letu wenyewe. Mtoto aking'oka jino la mbele tunasema ana pengo, na pengo hilo lina jino huku na jino kule. Nalipenda kwa sababu linamlazimisha mtu kuuliza: pengo kati ya nini na nini? Jino moja ni deni, jingine ni fidia. Kwa Kiingereza wauzaji huliandika neno lao la pengo kwa herufi kubwa, kama kifupisho cha maneno yenye maana ya ulinzi wa mali uliohakikishwa, na hapo ndipo mteja anapodhani amehakikishiwa mali yote. Lugha yetu imetuepusha na kosa hilo, tusilirudishe wenyewe.

Nilimwonyesha mwalimu kwa hesabu, kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Gari la milioni 28, kianzio milioni 4, mkopo milioni 24 kwa miezi 48, riba asilimia 17 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho ni kama laki 6 na elfu 92 kila mwezi. Mwaka ukiisha ametoa zaidi ya milioni 8 na laki 3, lakini deni limeshuka hadi milioni 19 na laki 4 tu, kwa sababu marejesho ya mwanzo yanabeba riba nyingi. Gari lenyewe halikumsubiri. Likithaminiwa milioni 17, benki, ambayo jina lake liko kwenye kadi pamoja na la mwalimu, inachukua fidia yote kwanza, na bado inamdai milioni 2 na laki 4. Kama bima ina sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe, tuseme asilimia 5 ya hiyo milioni 17, inakatwa kwenye fidia, basi ongeza laki 8 na nusu. Anabaki hana gari, ana deni la zaidi ya milioni 3.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mama, benki walinikata bima ya mkopo." Ni kweli, walimkata. Bima hiyo inahusu uhai wake yeye: akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa ili lisiwaangukie mke na watoto. Gari likiungua naye yuko salama, haimhusu. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana mtu anaona makato ya bima kwenye karatasi ya mkopo na kuamini amefunikwa pande zote.

Je, bima ya pengo mtu ainunue? Mwenye kianzio kikubwa, tuseme theluthi ya bei, na mkopo wa miaka miwili, mara nyingi hana pengo la kuogopa. Aliyeweka kianzio kidogo kwa miaka minne au mitano, au aliyenunua kwa bei iliyozidi soko, analo, na linakuwa pana zaidi mwaka wa kwanza na wa pili. Asome masharti pia, kwa kuwa marejesho yaliyocheleweshwa kwa kawaida hayalipwi, na ile sehemu anayobeba mwenyewe mara nyingi hailipwi. Tena asikatiwe kwa haraka siku ya kukabidhiwa funguo. Uingereza, tangu Septemba 2015, muuza magari analazimika kumpa mteja siku za kufikiri kabla ya kumuuzia, na Februari 2024 kampuni kadhaa zilikubali kusimamisha mauzo baada ya msimamizi wa huduma za fedha kusema ni asilimia 6 tu ya ada zilizokuwa zikirudi kwa wateja kama malipo ya madai. Hapa kwetu siyo bidhaa ninayoikuta mezani kila siku, kwa hiyo anayeihitaji aiulizie kwa jina lake.

Kwa hiyo mwanangu mwalimu, na wengine mnaosema kama yeye: endeleeni kuiita bima kubwa, jina hilo halina kosa, na msiache kuikata. Ila msiseme inalipa mkopo. Semeni inafidia gari. Kisha ombeni benki salio la leo, mpitie yadi mbili za Mwanjelwa mkaulize gari kama lenu linauzwaje, na mtoe bei hiyo kwenye salio. Kinachobaki ndilo pengo lenu.